Laptopu Moja kwa Ofisi na Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuikagua na Kuigawa

Alhamisi jioni shemeji yangu alinipigia simu. Laptopu yake ilikuwa imeganda tena, safari hii katikati ya kuandaa mishahara. Aliinunua mpya, fulu boksi, miezi minane nyuma: nyembamba, rangi ya fedha, na muuzaji alimwambia inatosha "kwa kila kitu". Nilipoifungua nikakuta prosesa (ubongo wa mashine) ya Celeron, ya daraja la chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4 na hifadhi ya GB 64. Windows peke yake ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya nafasi hiyo, na sasisho jipya halikupata pa kukaa. Hakuna kilichoharibika. Iliuzwa ikiwa hivyo hivyo.

"Jumamosi unisindikize Kariakoo, shemeji," akasema. "Nina laki nane na nusu. Nataka moja, ya kazini na ya nyumbani. Hela ya mbili sina."

Mimi ndiye ninayesumbuliwa na kompyuta za ofisi yetu, kwa hiyo safari za namna hii nimekwenda nyingi, za ndugu na za majirani. Ninachokiandika hapa ni utaratibu ninaoufuata kila mara, hatua kwa hatua. Nimeupanga kwa soko la Dar es Salaam, lakini anayenunua Nairobi, Arusha au Bujumbura atakutana na mashine zilezile na maneno yaleyale ya wauzaji.

Hatua ya 1: Andika siku yako kwanza

Kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote, chukua karatasi uandike siku yako moja ya kawaida tangu asubuhi. Ya shemeji ilikuwa hivi. Saa 12 asubuhi yuko kwenye daladala kutoka Mbagala, begi kalipakata. Saa 2 yuko mezani kwa wakala wa forodha anakofanya uhasibu: Excel ya mistari elfu kadhaa, mifumo miwili mitatu kwenye kivinjari, PDF za ankara, barua pepe. Mara mbili kwa wiki kuna kikao cha Zoom. Mwisho wa mwezi anaunganisha kwenye projekta. Saa 1 usiku yuko nyumbani, ambako binti wa kidato cha pili anaitaka kwa masomo na mdogo wake wa darasa la kwanza anataka katuni. Na umeme ukikatika, umekatika.

Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua. Daladala inataka mashine isiyozidi kama kilo 1.6, yaani ya inchi 14. Projekta inataka tundu la HDMI. Zoom inataka kamera na maikrofoni nzima. Umeme wa mashaka unataka betri. Watoto wawili mbele ya kioo kimoja wanataka kioo kinachoonekana hata ukikaa pembeni, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu lilitugharimu nusu saa dukani.

Kuna mgongano mmoja ambao wahasibu huupata wote. Wanapenda kibodi yenye tarakimu upande wa kulia, na hizo huja kwenye mashine za inchi 15.6, nzito na pana. Usibebe uzito wa ziada kila siku kwa ajili ya vitufe kumi na saba. Nunua kibodi ndogo ya tarakimu ya USB, iache kwenye droo ya ofisini.

Kama kazi yako ni kuhariri video, kuchora majengo kwenye AutoCAD au kucheza michezo mizito, mwongozo huu haukufai. Wewe unahitaji mashine yenye kadi yake ya picha, na hesabu yake ni nyingine.

Hatua ya 2: Mpya ya bei rahisi, au ya ofisini iliyotumika?

Kwa bajeti ya watu wengi, jibu langu ni iliyotumika ya daraja la ofisi, na sioni haya kulisema.

Kila kampuni kubwa ya kompyuta hutengeneza mistari miwili. Mmoja ni wa madukani, wa watu wa nyumbani: plastiki, rangi nzuri, kila senti imebanwa. Mwingine ni wa makampuni, unaonunuliwa kwa mamia: ThinkPad ya mfululizo wa T kwa Lenovo, Latitude ya 5000 na 7000 kwa Dell, EliteBook na ProBook kwa HP. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zake kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, zikiwa bado zina nguvu. Zinauzwa kwa jumla, nyingine hupitia Dubai, na mwisho zinalala kwenye rafu za Kariakoo zimefutwa vumbi na kuwekewa stika mpya.

Mashine ya ofisi ya aina hiyo ina bawaba imara, kibodi iliyotengenezwa kwa mtu anayeandika siku nzima, na mfuniko wa chini unaofunguka kwa skrubu za kawaida. Vipuri vyake vimejaa mjini kwa sababu mashine zenyewe zimejaa mjini. Fundi anayejua kufungua ThinkPad T480 au EliteBook 840 utampata karibu kila mtaa wa mafundi. Ile nyembamba ya rangi ya fedha, kibodi yake ikifa, unaambiwa subiri mzigo.

Mpya inashinda katika mambo mawili: betri na dhamana. Kama una hela ya kununua mpya ya daraja hilohilo la ofisi, nunua, usinisikilize mimi. Ninachokipinga ni mpya yenye Celeron kwa bei ya iliyotumika yenye Core i5, prosesa yenye nguvu zaidi.

Kuhusu MacBook: Air ya M1, iliyotoka 2020, ni mashine nzuri na betri yake inawashinda wote niliowataja. Lakini RAM yake haiongezeki, ina matundu mawili tu ya USB-C, na baadhi ya programu za uhasibu zinataka Windows. Uliza ofisini kwanza. Na ukionyeshwa laptopu ndogo ya bei ya kutupa yenye neno Chromebook mgongoni, jua kwamba haiendeshi programu za Windows, na kila moja ina tarehe ambayo Google wataacha kuitumia masasisho.

Hatua ya 3: Soma jina la prosesa lote, mpaka tarakimu ya mwisho

Hapa ndipo watu wanapopigwa zaidi. Winga mmoja, yaani dalali wa njiani, alitudaka kabla hatujafika dukani, kijana mchangamfu, akamkamata shemeji kwa mstari wake: "Dada'angu, hii Core i7 bwana, hao wote wana i5!" Na stika ya i7 ilikuwepo kweli. Nikaiwasha, nikafungua taarifa za mfumo: i7-4600U.

Jina hilo linasomwa hivi. Baada ya kistari, tarakimu ya kwanza ndiyo kizazi: 4600U ni kizazi cha 4, cha mwaka 2013. i5-8250U ni kizazi cha 8, cha mwaka 2017. Zikiwa tano, kama i5-10310U, au zikianza na 1, kama i5-1135G7, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi: cha 10 na cha 11. Herufi U maana yake ni prosesa inayokula umeme kidogo, ya laptopu za kubeba.

Sasa tazama tofauti. Ile i7-4600U ina viini viwili vya kufanyia kazi. i5-8250U ina vinne. Intel, watengenezaji wa prosesa hizi, waliruka kutoka viwili hadi vinne kwenye laptopu za aina hii katika kizazi cha 8, kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 humwacha mbali kaka yake i7 wa vizazi vya nyuma. Stika ya i7 bila kizazi ni sawa na kuambiwa gari lina viti vya ngozi usiambiwe ni la mwaka gani.

Sababu ya pili ya kushikilia kizazi cha 8 ni Windows yenyewe. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inaanzia Intel ya kizazi cha 8, tena iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Dukani utakuta mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimewekewa Windows 11 kwa njia ya mlango wa uani. Zinafanya kazi leo, lakini Microsoft hawajaahidi kuzihudumia. Kwa mashine itakayobeba mishahara ya watu, mimi sikubali.

Jina la mfano husaidia kutabiri, lakini halitoshi. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 kwa kawaida cha 8. Latitude 7480 ni ya 2017, 7490 ya 2018. ThinkPad T470 ya 2017, T480 ya 2018. Nasema halitoshi kwa sababu zipo T480 zilizotoka kiwandani na kizazi cha 7. Fungua, soma. Kwenye kibodi bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, jina lote la prosesa liko juu kulia.

Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, ukikuta ThinkPad T14 yenye Ryzen 5 PRO 4650U kwa bei unayoiweza, usiiache. Ina viini sita.

Hatua ya 4: RAM na hifadhi

Hapa sina maneno mengi. RAM GB 8 ndiyo sakafu, GB 16 ndiyo raha. Mtu mwenye vichupo ishirini kwenye kivinjari, Excel kubwa na Zoom kwa wakati mmoja hujaza GB 8 bila kutafuta. Hifadhi iwe SSD, ile isiyo na diski ya kuzunguka, isipungue GB 256. Diski ya zamani inayozunguka usiikubali hata ukipunguziwa. Usije ukaamini kwamba utabadilisha baadaye, wengi hawabadilishi.

Cha kuangalia zaidi ni kama RAM inaongezeka. T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili, unaweza kununua na GB 8 leo ukaongeza mwisho wa mwezi. ThinkPad X1 Carbon ni nzuri na nyepesi, lakini RAM yake imechomelewa. Ulivyoinunua ndivyo utakavyozikwa nayo. Ukurasa uleule wa utendaji, sehemu ya kumbukumbu, unakuonyesha nafasi ngapi zimetumika.

Hatua ya 5: Kioo na kibodi, vitu unavyovigusa kila siku

Kioo kiwe 1920 kwa 1080. Zipo mashine nyingi za ofisi zilizotoka na 1366 kwa 768, na kwa macho ya haraka dukani hutaona tofauti. Fungua Excel uhesabu mistari inayoonekana bila kusogeza. Tofauti utaiona mara moja.

Halafu simama pembeni. Muuzaji wa pili alitutolea EliteBook 840 G5 safi, kila kitu sawa, bei sawa. Shemeji akaipenda. Nilipokaa upande wa kulia wake, kioo kilikuwa cha kijivu kama kimemwagiwa maziwa. Baadhi ya EliteBook zina kioo cha faragha ambacho HP wanakiita Sure View, kilichotengenezwa ili jirani yako kwenye ndege asisome barua zako. Kinazimwa kwa kitufe, lakini hata kikizimwa, kwa ile moja tuliyoishika, pembeni hakikuwa king'avu. Kwa mhasibu kwenye daladala ni neema. Kwa watoto wawili na katuni moja ni ugomvi kila jioni. Tuliirudisha tukaomba nyingine ya aina hiyohiyo yenye kioo cha kawaida, na wakati kijana akienda kuitafuta stoo tukanywa soda.

Ikishafika, weka picha nyeupe tupu ijaze kioo, utafute madoa na alama za kubonyea. Kisha ipeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua. Taa za dukani zinaficha mengi.

Kibodi nayo ina asili yake. Mashine kutoka Uingereza zina alama ya pauni juu ya 3, na @ iko jirani na Enter. Za Marekani zina @ juu ya 2. Hizo zote utazoea. Za Ujerumani zimebadilishana Z na Y, na za Ufaransa zimehamisha A, Q, Z na W. Kwa mtu anayeandika "wafanyakazi" na "mzigo" mara hamsini kwa siku, hiyo ni adhabu. Unaweza kuigeuza kwa programu, ila maandishi kwenye vitufe yatabaki kukudanganya, na watoto ndio watakaochanganyikiwa. Mimi huandika "ng'ombe" na "ng'ambo" kwenye kila kibodi ninayojaribu, kwa sababu kile kialama cha juu ndicho kinachohamahama kuliko vyote.

Bonyeza kila kitufe. Kila kimoja.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa dukani

Tenga nusu saa, na usikague ukiwa umesimama njiani na winga. Winga hana duka. Anakupeleka kwa mwenye duka na cha juu chake kinaingia kwenye bei yako. Si mtu mbaya, ila mashine ikisumbua wiki ijayo, yeye utamkosa. Ingia dukani mwenyewe, uone kaunta na jina la duka.

Nenda na flashi yenye video moja, spika za masikioni na simu yenye bando. Kisha fuata mpangilio huu.

Anza na kufuli, maana likiwepo hakuna haja ya kuendelea. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell au F10 kwa HP. Utaingia kwenye mipangilio ya ndani inayoitwa BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache. Ukiingia, tafuta neno Absolute au Computrace kwenye sehemu ya usalama. Hiyo ni huduma ya kufuatilia mashine. Ikionekana imeamilishwa, mwenye mashine wa zamani bado anaishika kwa mbali. Iache pia.

Kisha betri. Iwashe Windows, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, na kwenye dirisha jeusi andika:

powercfg /batteryreport

Mashine itakuandikia ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi. Ifungue, utafute mistari miwili: "DESIGN CAPACITY" ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, "FULL CHARGE CAPACITY" ni ujazo iliobaki nao leo. Ile tuliyokuwa tunamnunulia shemeji ilisoma karibu mWh 50,000 kiwandani na 27,000 leo, yaani wati-saa 50 na 27. Gawanya: asilimia 54. Kazi za kawaida za ofisi hula kama wati 8 au 9, kwa hiyo wati-saa 27 zilizobaki ni saa tatu hivi. Muuzaji alikuwa ameshasema "inakaa saa sita, mama". Nilimgeuzia kioo akasoma mwenyewe. Hakubisha. Alitoa betri nyingine kwenye kabati, tukaifunga palepale, tukarudia ripoti: asilimia 88.

Angalizo kuhusu ripoti hiyo: betri ya bandia iliyobandikwa juzi hujionyesha mpya kabisa. Kwa hiyo ukimaliza kuisoma, chomoa chaja, weka video icheze huku ukiendelea na ukaguzi, uangalie asilimia zinavyoshuka kwa dakika ishirini. Ikitoka 100 ikafika 80 kwa muda huo, karatasi imekudanganya.

Wakati video inacheza, kagua yaliyobaki. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa. Bawaba isilie wala kuyumba. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Kama kuna televisheni dukani, jaribu HDMI. Fungua kamera, jirekodi sauti, usikilize. Unganisha waifai kwa simu yako, uende nayo mpaka nje ya mlango uone kama inashika. Weka sikio karibu na feni: mlio wa mchanga maana yake ni vumbi au feni inayokufa.

Mwisho, chaja. Dell hutambua chaja yake kwa pini ya katikati. Ukipewa isiyo yake, mashine inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji betri na kupunguza kasi, nawe ukadhani umeuziwa mashine mbovu. Mashine nyingi kuanzia 2018 zinachaji kwa USB-C, na chaja ya wati 65 ya aina hiyo inatosha. Soma maandishi mgongoni mwa chaja: 100-240V inakufaa kwetu. Plagi ya Uingereza ndiyo yetu. Ya Ujerumani utahitaji kubadilishiwa waya, udai kabla hujalipa.

Hatua ya 7: Bei, risiti na neno moja la kuandikwa

Bei sitaitaja, kwa sababu inapanda na kushuka na dola. Pita maduka matatu, uulize mfano uleule wenye prosesa, RAM na SSD zilezile, na wewe utaijua bei ya siku hiyo. Usiulize "laptopu bei gani". Ukiuliza hivyo umeshajitambulisha.

Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Iwe na jina la duka, na kama haina nafasi ya namba ya mashine, waandike namba hiyo kwenye karatasi yenye muhuri. Waandike pia muda wa dhamana na kitu kimoja zaidi: kwamba mashine ikionekana imefungwa na kampuni ya zamani, inarudishwa. Neno hilo lina kazi yake usiku wa leo.

Ukifika nyumbani, unganisha intaneti, kisha iweke upya kabisa kupitia mipangilio ya Windows, ukifuta kila kitu. Itachukua saa moja au mbili. Ikianza kukukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini, basi bado iko kwenye daftari la kampuni hiyo. Dukani mara nyingi huwekwa Windows bila intaneti, kufuli hili likawa limelala. Bora liamke ukiwa bado na risiti ya leo. Faida nyingine ni kwamba unaondoa programu zote za kuvunjwa ambazo duka limekuwekea kama zawadi. Office ya kuvunjwa ni mlango ulioachwa wazi. Chukua LibreOffice ya bure, au lipia Microsoft 365, au uliza ofisi yako kama leseni yake inakuruhusu kuiweka kwenye mashine yako binafsi.

Hatua ya 8: Igawe

Mashine ikishakuwa nzima, tatizo linalobaki ni watu. Mwaka jana mpwa wangu yule wa darasa la kwanza alifungua Excel ya mama yake, akaandika herufi zote za alfabeti kwenye safu ya mishahara, na kwa kuwa faili lilikuwa linajihifadhi lenyewe mtandaoni, lilijihifadhi. Tulirudisha toleo la jana yake kutoka kwenye historia ya faili. Tulikuwa na bahati kwamba historia ilikuwepo.

Tengeneza akaunti tatu za Windows. Moja ya msimamizi, yenye nenosiri refu, ambayo huitumii ila unapoweka programu. Moja ya kazi. Moja ya nyumbani, isiyo na madaraka ya kuweka chochote, ndiyo watoto wanayoingilia. Barua pepe ya ofisi, WhatsApp ya kazi na mifumo ya kampuni viwe kwenye akaunti ya kazi peke yake. Usihifadhi nywila za ofisini kwenye kivinjari cha nyumbani hata kwa dakika moja.

Washa BitLocker, usimbaji wa diski unaopatikana kwenye Windows Pro, ambayo mashine nyingi za daraja la ofisi tayari zinayo. Ukiibiwa begi kituoni, mwizi amepata chuma, faili hajazipata. Ule ufunguo wa kurejesha unaopewa, uandike kwenye karatasi uuweke na vyeti vyako. Usiuhifadhi ndani ya mashine ileile. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na orodha ya mishahara ya wafanyakazi ni taarifa binafsi. Kabla hujabeba faili za namna hiyo kwenda nazo nyumbani, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari miwili.

Nakala rudufu: diski ya nje, kila Ijumaa kabla ya kutoka. Ibaki ofisini, mashine iende nyumbani, zisilale chumba kimoja.

Hatua ya 9: Umeme, joto na wiki ya kwanza

Laptopu yenye betri nzima haihitaji UPS (kifaa cha umeme wa akiba), ila chaja yake inahitaji kulindwa. Madhara mengi huja umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke. Kama mashine hukaa mezani imechomekwa kutwa nzima, weka kikomo cha kuchaji kwenye asilimia 80. Lenovo wana programu ya Vantage kwa kazi hiyo, na kwa Dell na HP mpangilio uko ndani ya BIOS. Nyumbani, katuni ziangaliwe mezani. Kitanda na godoro huziba matundu ya hewa, na joto letu la Januari halihitaji msaada.

Wiki ya kwanza itumie kwa fujo. Usiitunze. Fanya vikao virefu, jaza kazi, iache ilale na kuamka mara nyingi, ibebe kila siku. Kasoro za mashine iliyotumika hujificha mpaka ipate moto. Ya shemeji, siku ya nne, padi ya kugusa ilianza kurukaruka kila ikikaa kwenye chaja. Tulijaribu chaja nyingine ikatulia. Jumamosi iliyofuata tulirudi na risiti, muuzaji akaichomeka mwenyewe, akatazama mshale ukicheza peke yake, akatupa chaja nyingine bila neno. Tuliijaribu palepale kwa dakika ishirini kabla ya kuondoka.